Kete ya Unga wa Ngano

Kete ile, kipakiti kama cha heroini, ilikuwa ya unga wa ngano. Niliifunga mwenyewe kwenye nailoni, nikaunguza ncha kwa kiberiti ifanane na za mtaani, nikaiweka mezani kando ya bomba jipya la sindano. Ilikuwa 2014, kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa badala ya heroini) Dar es Salaam, somo la kuacha kuchangia sindano.

Dakika tano hazijaisha, mteja mmoja akaanza kupiga miayo. Kamasi zikamtoka, vinyweleo vikamsimama, tumbo likaunguruma hadi jirani yake akacheka.

"Sista, nina arosto," akimaanisha mateso ya kukosa dawa.

Saa moja asubuhi alikuwa amekunywa miligramu 80 pale dirishani, akatamkishwa neno ili tujue amemeza. Arosto ya methadoni haiji kabla ya siku kupita. Nikammulika macho: mboni ndogo, wakati za mwenye arosto ya dawa kuisha hutanuka.

Mwenzangu alitaka tumwongezee dozi. Hatari! Ya kwanza ilikuwa bado inapanda damuni. Ukiirundikia nyingine, pumzi hupungua mtu akiwa amelala. Tuliificha kete, tukamtoa nje apate maji na upepo. Baada ya dakika ishirini alikuwa mkavu.

Daktari Abraham Wikler aliyaona haya kwenye hospitali ya waraibu huko Lexington, Kentucky, Marekani, miaka ya 1940: watu walioacha miezi mingi walipiga miayo kwa kuzungumzia dawa tu. Amigdala, sehemu ya ubongo ya hisia, imeifunga nailoni na ile stimu (raha ya dawa), hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, inakitunza kichochoro, na dopamini, kemikali ya hamu, hupanda kwa kuiona kete tu. Mwili nao unaotegemea heroini huanza kuipinga mapema. Isipofika, upinzani ule mtupu ndio miayo na kamasi.

Upinzani huo hufuata mahali. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake waliwapa panya waliozoea heroini dozi kubwa: katika chumba walichozoeshwa walikufa asilimia 32, katika chumba kigeni, ambako upinzani haukuamka, 64. Ndiyo maana mteja akiniambia ameteleza, yaani amerudia kutumia, namuuliza pia aliteleza wapi.

Kesho yake mteja yule wa miayo alinitajia vichocheo vyake: mlio wa kiberiti cha gesi, choo cha stendi, noti ya elfu mbili iliyokunjwa. Stendi aliikwepa kwa kushuka kituo kimoja kabla. Noti ndiyo ilitutesa, maana huwezi kumwambia mtu asishike hela. Mwisho tukakubaliana ujira wake uingie kwenye simu ya mama yake, naye apewe nauli kwa sarafu.