Clos Saint-Jacques: shamba moja, mikono mitano

Treni ya mkoa kutoka Dijon hufika Gevrey-Chambertin, kijiji cha mvinyo katika Burgundy, Ufaransa, kwa muda mfupi tu. Kutoka stesheni nilielekea magharibi, nikavuka barabara ya D974, nikapita kijiji cha zamani na kupanda hadi mdomo wa bonde la Combe Lavaux, ambako upepo wa baridi hushuka jioni. Hapo ndipo ulipo ukuta wa Clos Saint-Jacques: hektari 6.7, wamiliki watano, zabibu aina ya Pinot Noir.

Nilitembea kando ya ukuta nikitazama udongo. Juu ni mweupe, wa chokaa, mwepesi. Ukishuka unageuka kahawia, mzito, wa mfinyanzi. Jambo la thamani hapa ni kwamba sehemu ya kila mmiliki inaanzia juu na kuishia chini, kwa hiyo kila mmoja anapata udongo wote. Huko Clos de Vougeot, shamba jingine la Burgundy lenye ukuta, penye hektari 50 na wamiliki lukuki, mmoja ana mizabibu ya juu kwenye changarawe, mwingine ya chini ambako maji hutuama. Ukionja hujui unaonja mtengenezaji au mteremko. Gevrey shaka hiyo hupungua sana.

Anayetaka kulinganisha wamiliki hawa watano aanze na Jadot na Bruno Clair. Sehemu zao, takriban hektari moja kila mmoja, zilikuwa mali moja ya nyumba ya mvinyo ya Clair-Daü hadi mwaka 1985, Jadot aliponunua mashamba ya nyumba hiyo. Mizabibu ilipandwa na familia ileile. Kwa Jadot, chini ya mtengenezaji mvinyo Jacques Lardière aliyestaafu 2012, vikonyo viliondolewa, maganda yakalowekwa muda mrefu na joto la uchachushaji likaachwa lipande sana: mvinyo mzito, wenye tanini nyingi (zile zinazokausha kinywa), unaohitaji miaka. Clair huacha sehemu ya vishada vizima na hatumii mapipa mapya kupita kiasi. Wake huwa mwembamba zaidi, na uchachu wake unasikika wazi.

Sylvie Esmonin ndiye anayegawanya watu. Huchachusha vishada pamoja na vikonyo vyake kwa kiasi kikubwa, kisha hutumia mapipa mapya ya mwaloni. Vikonyo vina potasiamu, ambayo hupunguza ukali wa asidi, na pia hunyonya rangi. Ndiyo maana mvinyo wa namna hii unaweza kuonekana hafifu kwenye glasi ilhali harufu yake ni ya viungo na maua ya waridi. Vikonyo visipokomaa, ladha huwa ya majani mabichi. Ukiufungua ukiwa mchanga utakutana na mwaloni kwanza, na ni kosa kuuhukumu hapo.

Fourrier yuko upande wa pili kabisa: mizabibu ya mwaka 1910, vikonyo vyote nje, mapipa mapya takriban moja kwa tano. Mvinyo wake huingia chupani ukiwa na gesi ya kaboni iliyobaki, nayo huchoma ulimi kidogo na kuficha tunda. Umimine kwenye jagi, uutikise, usubiri. Asiyejua hili atadhani chupa ina kasoro.

Rousseau, mwenye sehemu kubwa kuliko wote, hektari 2.2, huondoa karibu vikonyo vyote lakini hutumia mapipa mapya bila woga. Kwangu ndiye mwenye uwiano bora, ingawa bei yake imekwenda mbali mno. Yeye mwenyewe huuza mvinyo huu kwa bei ya juu kuliko baadhi ya Grand Cru zake, yaani za daraja la juu kabisa, wakati shamba limebaki Premier Cru, daraja moja chini yake.

Kuonja kwenyewe kuna masharti. Chupa zote ziwe za mwaka mmoja, la sivyo unalinganisha hali ya hewa. Nyuzi 15 hadi 16 za selsiasi, glasi za umbo moja, chupa zifunikwe kwa kitambaa. Mimina mililita 50. Chupa moja yatosha watu 15, na gharama inagawanyika. Nusa zote tano kabla ya kunywa hata moja: ikiwa moja ina harufu ya kadibodi iliyolowa, hicho ni kizibo kilichoharibika, si mtindo wa mtu, na chupa hiyo itolewe mezani. Rudia baada ya saa moja. Fourrier na Esmonin ndio hubadilika zaidi.