Mashine ya kutotolesha? Kwangu ni matetea watatu tu

Watu wakija kwangu huku Luchelele, Mwanza, wakaona vifaranga wametapakaa uani, swali ni lile lile, mashine umeiweka wapi? Hamna mashine. Mashine inataka nyuzi 37.5 usiku na mchana, inataka mtu wa kugeuza mayai, afu umeme ukikatika saa nane usiku na huna betri ya akiba ndo imekula kwako. Tetea anafanya hayo yote mwenyewe na hahitaji luku. Kuku wangu ni wa kienyeji, wachache tu wa uani, kinachowafanya waonekane wengi ni namna ninavyopanga matetea kulalia, na kwa kuwa kila wiki naeleza kitu hicho hicho wasap nimeona niandike hapa mara moja.

Ila tuanze na chakula, maana tetea anayeshindia pumba tupu usitegemee mayai yake yaangue vizuri. Kuku mkubwa anakula kama gramu 100 mpaka 120 kwa siku, anayezurura unampa pungufu kidogo kwa sababu anajiokotea, mchwa, kumbikumbi baada ya mvua, na wale wadudu wa ziwani, wakivamia taa ya nje usiku basi asubuhi kuku wanamaliza ukuta mzima wenyewe. Mimi nachanganya mahindi yaliyoparazwa, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ya mifugo. Maganda ya mayai pia siyatupi, nayakausha nayaponda mpaka yawe unga kabisa, ukiwapa vipande vikubwa wanajifunza kula mayai yao na hiyo tabia kuitoa ni kazi.

Mashudu ya pamba najua ni rahisi kupata huku kwetu kanda ya ziwa, wengi wanaweka. Kwa ng'ombe sawa. Kwa kuku wa mayai mimi siweki, yana kitu kinaitwa gosipoli, kikizidi kiini cha yai kinageuka rangi, kinakuwa kijani kijani hivi, na uanguaji unashuka. Ongeza hela kidogo uchukue ya alizeti.

Dagaa sasa. Hapa sisi wa Mwanza hatuna kisingizio. Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba, usichukue dagaa wa kula, ulizia wale wa mifugo, waliovunjika vunjika. Tia mkono ndani ya gunia, chota, achia taratibu, utaona mchanga unavyomwagika, maana wengi wanaanikwa chini ufukweni na wewe hutaki kununua ufukwe kwa kilo. Na nunua wakati wa giza. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda, kwaiyo mimi nafuata mwezi kama wao. Usizidishe lakini, mayai yatanuka samaki mpaka watoto wagome kula.

Na mahindi yaliyoota ukungu usiseme "aah si kuku tu". Sumukuvu inaua kuku, na vifaranga ndo wanaanza.

Haya, kuangua. Tetea wa kienyeji akiachiwa afuate ratiba yake anataga, analalia, analea miezi na miezi, ndo anarudi kutaga. Kwa mwaka unapata mizunguko mitatu hivi na mayai kama 40 mpaka 60. Muda mwingi unapotea kwenye kulea. Kwaiyo ujanja ni kuwafanya matetea wawili watatu walalie siku moja, waangue siku moja, halafu vifaranga wote unampa mmoja alee, wengine wanarudi kutaga mapema.

Unafanyaje walalie siku moja? Anayewahi kutaka kulalia unamwekea mayai ya uongo mawili matatu, anayakalia anasubiri wenzake. Mimi natumia mawe laini ya mviringo, na mawe jamani mji huu tumejaliwa. Usimsubirishe zaidi ya wiki, anakonda, kwenye kulalia kuku hali vizuri. Wakati huo mayai halisi unayakusanya pembeni, yasizidi siku saba mpaka kumi, sehemu yenye ubaridi ila sio kwenye friji, ncha iangalie chini. Chagua ya wastani, yenye ufa acha, makubwa kupita kiasi acha, na usiyaoshe. Wenzake wakishakuwa tayari, jioni giza likiingia unatoa mawe unaweka mayai, kumi au kumi na mawili kwa kila mmoja kutegemea mwili wake. Yaandike kwa penseli. Hili watu wanalipuuza, kumbe kuku wengine wanakuja kutagia kwenye kiota hicho hicho, usipoyatambua mapya ukayatoa utakuja kuishia na viza kibao.

Kiota weka majivu chini, na mpake na tetea mwenyewe chini ya mabawa, utitiri ukimshika ananyanyuka anaacha mayai. Maji na chakula viwe karibu, atatoka mara moja kwa siku basi. Siku ya saba usiku mulika kwa tochi ya simu. Lenye uhai utaona mishipa myekundu kama utando wa buibui, lililo jeupe tupu halina mbegu, litoe. Yaliyobaki kwa hao watatu unaweza kuyahamishia kwa wawili.

Siku ya 21 kaa mbali. Kifaranga anayetoboa ganda anachukua masaa, mwache, ukimsaidia unamchana anatoka damu. Wala usihangaike na chakula siku hiyo, ametoka na kiini tumboni kinamtosha siku moja mbili. Usiku ndo unawahamisha, unamwingizia mama mlezi vifaranga wa wenzake chini ya mabawa kimya kimya, asubuhi anaamka wote wake. Ishirini anaweza, msimu wa mvua na baridi punguza. Maji yao weka kwenye sahani yenye vijiwe ndani wasizame.

Wiki za mwanzo wawe chini ya tenga au ndani ya uzio uliofunikwa juu. Mwewe wa huku hawana aibu kabisa. Mimi nimefunika kwa nyavu chakavu za wavuvi, zinauzwa bei ya kawaida tu na zinadumu. Kenge ni habari nyingine, anaishi humo humo kwenye mawe, anakuja kwa mayai na vifaranga pia, kwaiyo matundu ya chini ya banda ziba kwa mawe na saruji, waya mwembamba anaung'oa tu.

Chanjo ya ugonjwa wa kideri usiniulize kama ni lazima. Ile ya matone, I-2, tone moja jichoni, kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Kideri ikishaingia bandani, shingo zinapinda, kinyesi kijani, hamna dawa ya kuitibu, hiyo shubiri na pilipili mnayopondea ni kujipa moyo. Kichupa kimoja ni cha kuku wengi na ukishakifungua hukiweki akiba, kwaiyo sisi mtaani tunachanga, siku moja tunapita nyumba kwa nyumba. Faida yake hata kuku wa jirani hakuletei ugonjwa. Ndui na gumboro muulize bwana mifugo wa kata yako ratiba.

Jogoo mmoja anatosha matetea nane mpaka kumi, ila mbadilishe kabla hajaanza kupanda watoto wake, vifaranga wanaanza kuwa dhaifu ukimng'ang'ania. Wangu wa sasa katoka Sengerema, kavuka daraja la Kigongo–Busisi akiwa ndani ya tenga anawika njia nzima. Nilimtenga wiki mbili kwanza ndo akaingia kwa wenzake. Naye muda wake unakaribia, kwaiyo kama uko Magu au Ukerewe na una jogoo mrefu wa kienyeji, aliyechanjwa, acha ujumbe hapo chini tubadilishane. Wangu ni mwekundu, ana kilemba kizuri, mkorofi kidogo kwa watoto.