Nilivyochorwa tatuu juu ya kovu la saratani ya titi

Tatuu zangu za kwanza nilitiwa na mtaalamu wa mionzi: nukta ndogo za wino kifuani, ili mashine ielekezwe mahali palepale kila nikilala chini yake. Hazifutiki. Hii nyingine, tawi lenye majani na maua linalopita juu ya kovu, niliitaka mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo nilikuta picha nyingi nzuri na maneno machache mno kuhusu usalama.

Niliondolewa titi la kushoto lote pamoja na baadhi ya tezi za kwapani, kisha nikapewa mionzi. Sikutaka kutengenezewa titi jingine. Nilipomwambia daktari aliyenipasua kwamba nataka tatuu, hakukataa. Alisema, "Bado." Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima na wakati mwingine zaidi, na likichomwa sindano mapema huweza kuumia upya au kuutema wino. Mionzi huongeza muda huo, kwani ngozi iliyopigwa mionzi huwa nyembamba na hupona taratibu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kovu changa si lazima lionekane jekundu. Laweza kuwa jeusi zaidi ya ngozi iliyolizunguka, gumu, lenye kuwasha. Daktari alikuwa akilibinya kidogo kwa vidole kila nilipokwenda kliniki. Alitaka kuona limelala bapa, limelainika, halijashikamana na mbavu. Mwaka ulipita tangu mionzi iishe, ukapita na zaidi, ndipo aliponiruhusu.

Aliniuliza pia kama nina historia ya keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita mipaka ya jeraha. Sina. Ningekuwa nayo, ningeacha kabisa, maana kifua ni moja ya sehemu ambazo keloidi hupenda kuota. Na aliye katikati ya tibakemikali asifikirie sindano ya tatuu kwanza. Dawa hizo za saratani hushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, na zikiwa chini, kidonda kidogo tu chaweza kumlaza hospitali. Aliyewekewa titi bandia ana swali lake la ziada kwa daktari, kwa kuwa maambukizi yakilifikia huenda likalazimika kutolewa.

Lakini jambo lililonisumbua kuliko yote ni ganzi. Upasuaji hukata mishipa midogo ya fahamu, na sehemu kubwa ya kifua changu cha kushoto haihisi kitu hadi leo. Watu huniambia nina bahati, sikuumia. Mimi naliona kinyume. Mtu mwenye hisia zake sindano ikizama mno atashtuka, atasema simama. Ngozi yangu haisemi. Mchoraji anaweza kurudia mstari mpaka ngozi ichanike, nami nimelala natazama dari. Kwa hiyo ilibidi nipate mtu ambaye macho yake yangefanya kazi ya maumivu yangu.

Wachoraji hodari nilikutana nao, ila kuchora vizuri na kuchora juu ya kovu ni kazi mbili. Nilikuwa naomba picha za makovu waliyochora, tena zilizopigwa baada ya kupona, si siku ileile ambapo kila tatuu hung'aa. Mmoja aliniambia kwamba rangi ya kijivu huipata kwa kuchanganya wino mweusi na maji ya bomba. Nilimshukuru nikaondoka. Mwaka 2011 hadi 2012, huko Rochester, New York, watu 19 walipata maambukizi ya ngozi ya bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, na chanzo kilikuwa wino wa kijivu uliochanganywa kabla ya kuuzwa. Ikiwa chupa iliyotoka kiwandani imeweza kuleta hayo, sembuse maji ya bomba?

Niliyemchagua alinisikiliza kuhusu ganzi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi dada, tutakwenda vipande vipande, na mstari sitaurudia siku hiyohiyo." Tulikubaliana asiniulize kama inauma, aitazame ngozi. Ikianza kuvimba au kutoa majimaji mengi, anasimama, hata kama jani limebaki nusu. Alitaka tawi literemke hadi mkononi, na kwa kweli lingependeza. Nilikataa. Mkono uliopoteza tezi za kwapani, ukipata maambukizi, waweza kuvimba uvimbe usioisha. Tawi linaishia kabla ya kwapa. Maua nayo nilikuwa nayataka mekundu, lakini rangi nyekundu ndiyo inayoongoza kwa mzio, na mzio huo huweza kuja miezi au miaka baadaye, kwa hiyo hata kujaribu nukta moja kwanza kusingenihakikishia. Nikachagua mistari myeusi peke yake, na ndani ya petali ikabaki ngozi yangu.

Siku ya kuchora alifungua sindano mbele yangu, akanionyesha tarehe kwenye pakiti, akamimina wino katika vikombe vidogo vya kutupwa. Akigusa taa, anabadilisha glavu. Vifaa visivyotupwa alivipitisha kwenye mtambo wa mvuke wa nyuzijoto 121. Sikuona haya kuuliza kila kitu.

Kupona kulihitaji akili tofauti, kwani ganzi ile ile ingenificha dalili. Joto la ngozi nililipima kwa mgongo wa mkono wa kulia, nikilinganisha upande mmoja na mwingine, na kila asubuhi nilipiga picha penye mwanga uleule ili nione kama weusi au uvimbe unatambaa nje ya mchoro. Homa ikifika nyuzi 38, nilikuwa nimeagizwa nisisubiri kesho. Nilisafisha kwa sabuni isiyo na manukato, nikavaa pamba iliyolegea, sikuogelea. Sehemu moja, pale kovu lilipo nene, ilipoteza wino. Hilo ni kawaida ya makovu, na ilijaziwa miezi kadhaa baadaye.

Kuna jambo ambalo mchoraji hakulijua na si wengi wanaolijua. Chembe za wino husafiri hadi kwenye tezi. Katika picha za mamografia, yaani eksirei ya titi, zinaweza kufanana na punje za kalsiamu, ambazo wakati mwingine huwa dalili ya saratani, na tezi ikikatwa kuchunguzwa hukutwa imebadilika rangi. Mimi bado napimwa titi la kulia, kwa hiyo nilimwomba daktari aandike kwenye faili langu tatuu iko wapi, ni ya rangi gani na ilichorwa lini. Na kila ninapoingia chumba cha picha, kabla sijavua blauzi, namwambia mpigaji: nina tatuu upande wa kushoto, na tezi chache zilizobaki huenda zina wino.