Panya wa Mara na macho ya mama

Leo asubuhi nimepima sukari ya panya dume 14, tone moja la damu kutoka mkiani mwa kila mmoja, na kabla sijavua glavu mama akanipigia simu kutoka Bomet, ambako kulikuwa kumeshakuwa jioni. Alikuwa ametoka kliniki ya macho, maana ana kisukari, ugonjwa uleule ninaouchunguza kwa panya hawa. Nimeshindwa kuifikiria kazi bila kumfikiria yeye, na ndiyo maana naandika.

Panya tunaowafuga ni panya-nyasi wa Nile, wale wanaozunguka mchana na ambao wakulima wa kwetu wanawafahamu kwa hasara wanayoleta mashambani. Ukoo wao huku Marekani ulianzia kwa panya walionaswa Maasai Mara mwaka 1993, nao walichukuliwa kwa sababu ya tabia hiyo ya kuamka mchana. Kisukari hakikuwa katika hesabu. Porini hula nyasi, majani na mbegu. Wakipewa chakula cha kawaida cha maabara, kile kile ambacho panya weupe hukila maisha yao yote bila taabu, wengi wao, hasa madume, hupandwa na sukari baada ya miezi kadhaa, ilhali ndugu zao wanaolishwa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi huchelewa sana kuugua au hawaugui kabisa. Jambo kama hilo lilikwisha kuonekana miaka ya 1960 kwa panya wa jangwani walioletwa kutoka Misri: walipoachishwa mimea yao ya chumvi wakapewa chakula cha maabara, walipata kisukari na mtoto wa jicho.

Ziko njia za haraka zaidi. Sindano ya streptozotosini huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na baada ya siku chache mnyama ana kisukari, lakini ugonjwa wa mama haukuingia kwa siku chache. Panya wadogo wa maabara, wale wa jamii iitwayo “mouse” kwa Kiingereza, wanaolishwa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta hunenepa, na miili yao huacha kuitikia insulini vizuri, lakini mara nyingi sukari yao haipandi kiasi cha kuharibu macho kama yanavyoharibika ya binadamu. Kwa panya-nyasi inabidi kungoja mwaka na zaidi, ndipo mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inapoanza kutoa vivimbe, kuvuja na kuziba, kwa mfuatano unaofanana sana na ule unaoandikwa kwenye kadi za wagonjwa. Nauheshimu ungojaji huo. Madhara ya kisukari ni kazi ya muda, na jaribio linaloufupisha muda huo huwa limeacha nje sehemu kubwa ya ugonjwa.

Sifanyi kazi hii kwa moyo mwepesi. Panya namba 9, ambaye nimemlisha tangu aachishwe kunyonya, leo alikuwa na lenzi yenye ukungu katika jicho la kushoto, na maji ya kunywa anayamaliza kabla ya wenzake. Nimeandika vipimo vyake kwa uangalifu kuliko kawaida, kwa sababu sina kingine ninachoweza kumlipa.

Mama aliniambia kwamba daktari ameona uvimbe kwenye makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayosomea na kutambulia nyuso. “Mwanangu, hao panya wenu wanasemaje kuhusu hili?” akauliza, naye alikuwa anataka jibu kwelikweli. Nikamweleza kwamba macho ya panya-nyasi yana seli za kuonea mwangani nyingi kuliko ya panya wengine wa maabara, theluthi nzima au zaidi, ilhali kwa panya wadogo ni kama asilimia 3 tu, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kuwathamini. Lakini makula hawana. Hakuna panya aliye nayo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama sindano ya jicho inauma, nami nikamwambia kwamba watamtia dawa ya ganzi kwanza, na kwamba asiikose tarehe aliyopewa.