Jicho la Bundi, Kampi ya Samaki

Boti ya saa moja Ziwa Baringo niliambiwa elfu nne. Abiria mwenzangu kwenye matatu, mtu wa Marigat, alikuwa ameshaninong'oneza kwamba wenyeji hulipa nusu yake. Nilipomwambia hivyo kijana wa boti, akaitazama lenzi yangu akasema bei ya mwenye kamera kubwa ni nyingine. Bado inaniuma. Lenzi yenyewe, ya milimita 400, nimeikodi Mombasa na kila siku inalipiwa, ipige picha isipige. Tukavutana mpaka elfu tatu na mia tano, tukang'oa nanga jua ndiyo kwanza linachomoza.

Saa hiyo ndiyo iliyonitoa Kilifi kuja kupiga picha za ndege. Huku karibu na ikweta (tuliivuka Mogotio) jua halina subira. Ikigonga saa tatu limeshapanda juu, paji la ndege linatia jicho kivuli, na picha hata iwe kali vipi inakuwa ya ndege aliyekufa. Lakini Kampi ya Samaki iko ufuo wa magharibi. Boti ikijitenga kidogo na nchi kavu, ukigeuka kuutazama ufuo jua linakuwa mgongoni mwako, limelala chini, na linaingia moja kwa moja kwenye jicho la ndege na kuacha humo kitone cheupe. Flashi haina kazi hapo.

Ziwa hili limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza nyumba na hoteli, na migunga iliyofia majini sasa ndiyo vituo vya ndege. Juu ya mmoja alikaa mnandi mdogo, mweusi, ndege ambaye mtu humpita bila kugeuza shingo. Kupitia lenzi, jicho lake ni jekundu kabisa. Hondohondo naye ana kope, ndefu, zimepinda, kama za bibi harusi! Miaka yote nimewaona ndege hawa na hayo sikuwahi kuyaona. Kijana akataka nimlipe mia mbili zaidi apige mluzi amrushie furukombe samaki aliyechomekwa kijiti ili aelee. Nikakataa. Nilitaka ndege anayetazama mambo yake.

Aliyenipa safari yangu ni mzee mmoja wa Kichamus, jamii ya kando ya ziwa hili, mjuzi wa ndege, aliyenipeleka chini ya magenge nyuma ya mji, hadi kwenye mgunga ndani ya boma la watu. Alikuwepo bundi mkubwa wa kijivu, mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika, amesinzia. "Usimpigie makofi, mama," mzee akasema. "Kaa. Atakutazama mwenyewe."

Tukakaa. Joto la Baringo mchana sitaki hata kulieleza, na maji ya chupa nilikuwa nimeyanunua kwa bei ya soda mbili. Wasiwasi wangu ulikuwa magenge: yako magharibi, kwa hiyo jua hujificha nyuma yake mapema, na bundi alikuwa kivulini mwa matawi mchana kutwa. Baada ya alasiri mwanga ukaanza kupenya chini ya matawi, ukapanda taratibu kwenye shina, ukafika miguuni pake, kifuani, usoni. Macho yamefumbwa, na kope za juu ni za waridi. Waridi kweli, kwenye uso wa kijivu.

Kisha akazifungua. Macho ni ya kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Bundi hawezi kuyazungusha macho yake, kwa hiyo akinitazama hunigeuzia kichwa kizima, na hakuna kiumbe aliyewahi kunitazama hivyo. Nilipiga picha nyingi mfululizo. Katika baadhi utando wa tatu umepita juu ya jicho na kulifanya jeupe, lakini katika moja kitone cha jua kimekaa mahali pake, na chini yake unaona mstari mweusi wa genge lenyewe. Mara kivuli kikamfunika.

"Kwenu mnamwogopa?" mzee akaniuliza. Nikamwambia kweli: kwetu bundi akilia juu ya paa, nyanya alituamsha tumtupie mawe asije akachukua mtu. Mzee akasema hata hapa wapo wanaowaua, ndiyo maana wenye boma lile wanalipwa kidogo na wageni kwa kumtunza. Pesa hizo nilizitoa bila kuvutana na mtu.

Usiku mzima kwenye basi la Mombasa niliwaza nyumbani. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo hapo kwetu, na ndani yake mna bundi mdogo ambaye urefu wake haufiki sentimita 20, mwenye macho ya manjano, anayeishi mahali pachache mno duniani, kama huko na kwenye misitu ya Usambara, Tanzania. Wazungu hupanda ndege kuja kumwona. Watoto wa shule niliyosoma hawamjui. Nimeshampigia simu mwongoza wageni mmoja wa Gede. Anasema bundi huyo mchana hulala chini chini kwenye vichaka, na mwanga ni hafifu sana. Lenzi inarudishwa Jumatatu. Jumapili alfajiri tunaingia msituni, na nimewaambia wapwa zangu wawili wavae viatu vya kufunika.