Nilivyorudisha themostati kwenye Roadster yangu

Gari langu ni Mazda Roadster ya toleo la kwanza, ile yenye taa zinazoinuka, ambayo Wajapani waliiuza kwao kwa jina la Eunos. Injini ni B6, lita 1.6. Tangu nilinunue kwa kijana mmoja wa Tabata, kilichonisumbua ni mshale wa temperecha. Kwenye foleni ya Mwenge unapanda hadi karibu na katikati. Nikishavuka Tegeta usiku, barabara ya Bagamoyo nyeupe, unashuka hadi jirani na C utadhani injini ndiyo kwanza imewashwa. Mafuta nayo yalikuwa yanakwenda kupita kiasi kwa injini ndogo vile, na chini ya kifuniko cha oili nikakuta utando mweupe.

Fundi wangu hakuhitaji hata kufungua boneti.

"Kaka, hiyo walishaitoa themostati. Wala usihangaike. Joto lote hili la Dar, themostati ya nini? Hiyo ni ya kwao huko kwenye barafu."

Maneno hayo utayasikia gereji nyingi, na wanaoyasema si wajinga. Wameokoa magari mengi yaliyokuwa yanachemsha. Lakini injini haipimi joto la Kariakoo. Yenyewe inataka maji yake yakae karibu na nyuzi 90, na kwa hesabu hiyo nyuzi 32 za Dar bado ni baridi. Themostati ni vali yenye nta ndani: nta ikipata joto inatanuka, inasukuma vali, maji yanaruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanazunguka huko muda wote. Sensa ya joto inaiambia kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, kwamba injini bado baridi, nayo inaendelea kuongeza petroli. Unyevu ulioingia kwenye oili haupati joto la kuukausha, ndiyo ule utando mweupe.

Na kwa nini ilitolewa? Nadhani kwa sababu gari lilikuwa linachemsha. Kulitolea themostati gari linalochemsha ni kumpa panadoli mgonjwa wa malaria: homa inashuka, ugonjwa upo palepale. Kwa hiyo nilianza na rejeta. Plastiki yake ya juu, ambayo ikiwa mpya ni nyeusi, ilishageuka kahawia, na kwa magari haya hiyo ni dalili kwamba imekauka na itapasuka. Nikaweka mpya. Kama rejeta yako imeziba, usirudishe themostati kwanza.

Kuipata Kariakoo kuna ujanja wake. Ukisema Roadster wanakutazama tu. Ukisema Mazda Familia ya injini ya B6, kijana anapanda ngazi na kushuka na boksi. Muuzaji alinisukumia ya nyuzi 82, eti inafungua mapema, inafaa joto letu. Nikakataa. Kufungua mapema hakuiongezei rejeta nguvu ya kupoza. Foleni ikikaza zote mbili zitakuwa zimeshafunguka. Nilichukua yenye 88 iliyogongwa kwenye chuma chake, pamoja na gasketi.

Nyumbani niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, nimeining'iniza kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Maji yalipokaribia 90 ikaanza kufunguka taratibu. Nilipoitoa ikapoa na kujifunga. Ile ambayo haifungi wala haifungui unairudisha dukani mapema, kabla hujamwaga kulanti, yaani yale maji ya kupozea injini.

Kazi yenyewe si kubwa, mradi injini iwe imepoa kabisa. Kulanti niliimwagia kwenye beseni kupitia kizibo cha chini cha rejeta. Nikatoa bomba la hewa linalokatiza mbele ya injini, nikachomoa mpira wa juu wa rejeta na waya wa swichi ya feni, ambayo kwenye gari hili imefungwa palepale kwenye nyumba ya themostati. Hapo zinabaki bolti mbili za spana namba 12. Zimekaa kwenye aluminiamu miaka mingi, kwa hiyo nilizipulizia dawa ya kutu jioni na kuzigusa asubuhi. Bolti ikikatikia mle, kazi ya asubuhi moja inageuka ya wiki.

Ndani nilikuta pete tupu. Aliyetangulia alikuwa ameitoa vali yote, akaacha duara la chuma.

Gasketi kuukuu ndiyo iliyokula muda. Niliziba tundu kwa kitambaa mabaki yasiingie ndani, nikakwangua kwa wembe bila kuchimba aluminiamu. Themostati inakaa na kile kipini kidogo kinachochezacheza kikiwa juu, maana ndipo hewa inapopitia. Hakikisha imekaa sawa kwenye kitako chake ndipo ubane, bolti hii kidogo, ile kidogo. Ukilazimisha, kifuniko kinapasuka.

Maji ya kisima sikuyatia. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi na aluminiamu havipatani. Nilichanganya kulanti na maji ya betri, yale yaliyoondolewa chumvi, siyo asidi. Nikalipandisha gari pua juu kwenye mteremko wa geti, nikajaza polepole, nikawasha na kufungua hita hadi mwisho huku nikitokwa jasho. Kifuniko cha rejeta kilikuwa wazi na mkono wangu unaminya mpira wa juu ili mapovu yatoke. Mpira ulibaki vuguvugu kwa muda, halafu ukapata moto ghafla: vali imefunguka. Nikasubiri feni iwake na kuzima yenyewe ndipo nikafunga.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, maji yalikuwa yamepungua kidogo, nikaongeza. Fundi alikuja kuangalia, akashika mpira, akatazama mshale, akaniuliza ile ya 88 niliipata duka gani.