Kuonyesha filamu kuhusu upendeleo wa akili mnemba chuoni: takwimu kwanza, maikrofoni baadaye

Kwa jioni ya aina hii, Coded Bias ya Shalini Kantayya (2020), filamu ya hali halisi kuhusu programu za kutambua nyuso, bado inafaa. Ina urefu wa karibu saa moja na nusu, kwa hiyo ombeni ukumbi kwa saa tatu. Mkiomba mbili, kitakachokatwa ni mjadala, na mjadala ndio kazi yenyewe. Kulipia filamu kwa mwezi ili utazame nyumbani si ruhusa ya kuionyesha hadharani. Waandikieni wasambazaji mapema muombe kibali cha matumizi ya elimu. Msitegemee intaneti ya chuo, na jaribuni projekta na spika siku moja kabla. Kuhusu vifaa, hayo yanatosha.

Mjadala huu una ugonjwa wake: mmoja anasema mashine ni za wazungu, mwingine anajibu kwamba hesabu haina rangi, na muda unaishia kwenye ubishi huo. Ndiyo maana takwimu zitangulie.

Chukueni utafiti ulio kwenye kiini cha filamu, wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, 2018. Walikusanya picha za wabunge 1,270 kutoka Rwanda, Senegali, Afrika Kusini, Iceland, Ufini na Uswidi. Rwanda haikuingia kwa bahati: bunge lake lina wanawake wengi kuliko wanaume. Programu za Microsoft, IBM na Face++ zikapewa picha hizo zikisie jinsia.

Ubaoni andikeni kwanza namba moja tu: Microsoft ilipatia asilimia 93.7. Ukumbi upige kura, je, chuo kiinunue? Kura zikishahesabiwa, ongezeni mstari wa pili. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa yalikuwa asilimia 0. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, asilimia 20.8. Kwa IBM, 0.3 dhidi ya 34.7. Pigeni kura tena.

Hapo elezeni sababu bila haraka. Wastani hufuata walio wengi. IJB-A, mkusanyiko wa picha uliokuwa ukitumika kupimia programu za nyuso, ulikuwa na asilimia 79.6 ya watu wenye ngozi nyeupe. Kwa kipimo cha namna hiyo, programu inaweza kuwakosea weusi mara nyingi na bado ikapata alama nzuri. Mtu akiuliza kama walipima asili ya watu, jibu ni hapana: walipanga rangi ya ngozi kwa ngazi sita za Fitzpatrick, zinazotumiwa na madaktari wa ngozi.

Kosa linalojirudia, hata kwa wahadhiri, ni kuchanganya kazi tatu. Kugundua kwamba picha ina uso ni kazi moja. Ndipo Buolamwini alipolazimika kuvaa barakoa nyeupe ili kompyuta imwone. Kukisia jinsia ni ya pili, na asilimia za ubaoni ni za hiyo pekee. Kumtambua mtu ni nani ni ya tatu, nayo ndiyo inayoweza kumfikisha mtu mahabusu. Akisimama anayesema "polisi wanakosea asilimia 34", mwongozaji wa mjadala amsahihishe papo hapo, kwa upole.

Kisha hamieni nyumbani. Programu za mikopo ya simu zafaa kuliko kamera za polisi wa London zinazoonekana kwenye filamu, kwa sababu wanafunzi wengi wanazo mfukoni. Gaweni vikundi vya watu watano, kila kimoja kiandike: programu inasoma nini kwenye simu, nani hana data hiyo kabisa, na aliyenyimwa akate rufaa wapi. Swali la tatu ndilo gumu. Lipewe nusu ya muda.

Jambo moja msifanye: kumwita mwanafunzi mbele na kupakia sura yake kwenye tovuti msiyoijua ili "kuonyesha mfano". Sura ni taarifa binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, na ridhaa inayotolewa mbele ya ukumbi mzima unaoshangilia haina uzito. Mkihitaji mfano, mratibu atumie picha yake mwenyewe.